Kivinjari kizito: tujue kwanza uzito uko wapi, kabla ya kufuta na kuformati

Mpimaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka pale nilipoandika kuhusu Shift na Esc, atapata pa kuanzia.

Kwa karibu mwaka mzima laptopu yangu ilinitesa. Nafungua kivinjari, dirisha linakuja jeupe. Naandika anwani, herufi hazitokei, halafu zinamwagika zote kwa mkupuo. Nilifanya kila nilichoambiwa. Nilifuta akiba ya kivinjari kila wiki. Nilihama Chrome nikaenda Firefox, nikarudi. Niliondoa programu nikaisakinisha upya. Fundi mmoja akasema Windows imechoka, akaformati. Siku tatu mambo yalikuwa mazuri, ya nne tukarudi palepale. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza, uzito wenyewe uko wapi.

Usiku mmoja nilikuwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa sita, na kila kitu kikaganda. Nikaacha kubofya nikatazama tu. Kwenye ukingo wa mashine ile kuna taa ndogo inayowaka diski inapofanya kazi. Siku zote hupepesa. Safari hii ilikuwa imewaka moja kwa moja, sekunde ishirini, thelathini, na ukitega sikio unaisikia diski ndani ikikwaruza bila kupumzika. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini, nayo ikachukua muda wake kuja. Ilipokuja nikasoma: prosesa asilimia 14, intaneti karibu sifuri, kumbukumbu asilimia 93, diski asilimia 100.

Nilikaa na zile namba nne muda mrefu kuliko nilivyokaa na ushauri wowote niliowahi kupewa.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mashine ilikuwa na RAM, yaani ile kumbukumbu, ya GB 4, na sehemu yake inaliwa na kadi ya picha ya ndani kwa sababu kadi hiyo haina kumbukumbu yake. RAM ikielekea kujaa, Windows haisimami. Inachukua vipande vya kumbukumbu ambavyo havijaguswa kwa muda, inavihamishia kwenye diski, na kuvirudisha vikihitajika. Kwa hiyo kila nilipohama kichupo, kile ninachokiendea hakikuwa kwenye RAM tena, kilikuwa diskini. Na diski ilikuwa ya sahani, inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa kisogee, kisubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa, ndipo kisome. Kila kipande kinakula milisekunde kumi na zaidi, na vipande ni maelfu. SSD, yaani diski isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka, kazi hiyohiyo huifanya kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo.

Ndiyo maana kufuta akiba, kuhama kivinjari na kuformati havikunisaidia. Hakuna hata kimoja kilichoongeza RAM wala kuipa diski kasi. Zile siku tatu za nafuu zilitokana na kwamba sikuwa bado nimerudisha programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapowaka.

Naleta uzi huu kwa sababu kila nikisoma mtu analalamika kivinjari ni kizito, majibu kumi ya kwanza ni "futa akiba". Tunawapotezea watu muda, na wengine wanatupa mashine nzima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji programu yoyote. Fungua ukurasa mrefu wenye maandishi na picha, usubiri umalize kupakia, kisha zima waifai au chomoa waya. Sasa usogeze ukurasa juu na chini, na andika maneno mawili matatu kwenye sehemu ya anwani bila kubonyeza Enter. Ukurasa ukiteleza vizuri na herufi zikitokea papo hapo, mashine yako haina shida kubwa, katafute kwenye mtandao. Ukikwamakwama huku intaneti imezimwa, mtandao hauhusiki, na hata ukinunua kasi mara kumi hutaona tofauti.

Ikionekana ni mashine, fungua Task Manager na uiache wazi pembeni wakati kivinjari kinasumbua. Tazama ni namba ipi inapanda juu na kubaki juu. Kumbukumbu juu ya asilimia 85 pamoja na diski 100, hiyo ni hadithi yangu. Prosesa 100 peke yake, kuna kitu kinapiga hesabu bila kukoma. Diski 100 huku kumbukumbu iko chini, tafuta antivairasi inayochunguza mafaili, masasisho yanayoshuka, au diski inayoelekea kufa. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, nakili mafaili yako mahali pengine siku hiyohiyo, habari ya kivinjari isubiri.

Sasa Shift na Esc. Ukiwa ndani ya Chrome au Edge, bonyeza vitufe hivyo viwili. Litatokea dirisha dogo, ni Task Manager ya kivinjari chenyewe, na linakuonyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) kinakula kumbukumbu kiasi gani na prosesa kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes sehemu ya anwani. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili kikubwa kipande juu. Watu wengi hawajui dirisha hili lipo, na ndilo linalojibu nusu ya maswali.

Na tafadhali msiogope mkiona chrome.exe ishirini kwenye Task Manager ya Windows. Si kirusi. Chrome tangu ilipotoka mwaka 2008 iligawa kazi katika michakato tofauti ili kichupo kimoja kikianguka visianguke vyote. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre kutangazwa, wakaongeza ukuta: kila tovuti iwe na mchakato wake, hata ikiwa imepachikwa ndani ya ukurasa wa tovuti nyingine. Usalama uliongezeka, na matumizi ya RAM yakapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Tunalipa kumbukumbu, tunapata kinga. Mimi naona ni biashara nzuri, lakini mwenye GB 4 anaisikia.

Karibuni. Ukiuliza, leta zile namba nne kwanza.

nyundo_ndogo

Mkuu asante kwa uzi. Lakini mimi nafuta akiba na vidakuzi kila siku asubuhi na naona kabisa mashine inakuwa nyepesi. Unataka kusema najidanganya?

Mpimaji

Hapana ndugu, hujidanganyi. Ila nafuu huenda inatoka kwingine. Ili kufuta, unafunga vichupo vyote na kuanza upya, sivyo? Kule kufunga ndiko kunakorudisha RAM. Akiba yenyewe ni nakala za picha, mitindo na hati za tovuti zilizowekwa kwenye diski ili usizivute tena. Ukizifuta, ukurasa wa kwanza wa kila tovuti lazima uvutwe wote upya, kwa hiyo kwa mtandao unakuwa umejiongezea kazi. Vidakuzi navyo ukivifuta unatolewa kwenye akaunti zako zote.

Kufuta akiba kuna kazi yake: tovuti moja ikionekana imevunjika, picha za zamani haziondoki, kitufe hakibonyezeki. Hapo futa, tena futa ya tovuti hiyo tu. Kesho asubuhi jaribu kufunga kivinjari na kukifungua bila kufuta kitu, utuambie.

Karani wa Zamu

Kaka Mpimaji, habari. Mimi kazi yangu yote iko kwenye kivinjari: barua pepe, majedwali, fomu za wateja. Mashine ni ya GB 8, ina SSD, si ya zamani. Ikifika mchana nikiandika kwenye jedwali herufi zinakuja baada ya sekunde nzima. Nimezima waifai kama ulivyosema, bado. Namba zangu: prosesa 61, kumbukumbu 78, diski 3, mtandao 0. Nimebonyeza Shift na Esc lakini sielewi ninachokiona.

Mpimaji

Dada, asante kwa kuleta namba, umeturahisishia. Diski 3 maana yake hauko kwenye tatizo langu. Prosesa 61 huku unaandika tu ni nyingi mno. Kwenye dirisha la Shift na Esc, bofya kichwa cha safu ya CPU, yaani prosesa, mpaka namba kubwa iwe juu, kisha andika kwenye jedwali huku unalitazama. Mstari wa kwanza umeandikwa nini?

Karani wa Zamu

Umeandikwa kiendelezi, halafu jina la kile cha kutafsiri maneno. Kinapanda hadi 48 kila nikiandika, nikiacha kinashuka. Sijakitumia tangu nikiweke.

Mpimaji

Huyo ndiye. Viendelezi vya namna hiyo, vya kutafsiri, kukagua tahajia, kulinganisha bei, kujaza nywila, vingi vimepewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kilichopo kwenye kila tovuti. Kwenye jedwali lenye seli maelfu, kila herufi unayoandika inabadilisha ukurasa, nacho kinauchambua upya kuona kama kuna neno la kushughulikia. Wewe unaandika herufi moja, chenyewe kinasoma jedwali zima.

Fanya hivi. Fungua dirisha la hali fiche, Ctrl, Shift na N, uingie kwenye jedwali lako humo. Kwa Chrome viendelezi haviingii kwenye hali fiche mpaka uvipe ruhusa, kwa hiyo ni chumba safi cha kupimia. Ukiandika vizuri humo, umepata uhakika. Kisha nenda chrome://extensions, zima hicho. Na ukiwa hapo pitia vilivyobaki, kila usichokikumbuka kimeingia lini, kiondoe kabisa. Kuna viendelezi vilivyokuwa vizuri, vikauzwa kwa mtu mwingine, na sasisho lililofuata likaleta matangazo.

Karani wa Zamu

Nimekizima. Naandika hapa na herufi zinafuata kidole. Prosesa 9. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba ofisi inibadilishie mashine, jamani.

Nimekuta vingine sita sivijui. Nimeviondoa vyote, nimebakiza kizuia matangazo tu.

Mpimaji

Hicho kibakize. Ni kiendelezi kimoja ambacho mara nyingi kinapunguza uzito badala ya kuongeza, kwa sababu hati za matangazo na za kufuatilia watu zinazuiwa kabla hazijashuka. Kwa wanaotumia uBlock Origin: Chrome iliacha kukubali viendelezi vya mfumo wa zamani kati ya 2024 na 2025, hivyo kile kamili hakifanyi kazi humo tena, kuna uBlock Origin Lite. Kwenye Firefox kile kamili bado kipo.

Kaskazi

Mkuu, changu ni video. Kurasa za kawaida zinafunguka vizuri, ila nikiweka video ya YouTube kwa 1080p picha inarukaruka na feni inanguruma kama inataka kupaa. Sauti haikatiki. Intaneti nimepima iko vizuri. Mashine ni ya 2014.

Mpimaji

Sauti haikatiki ila picha inaruka: hapo video inafika salama, mashine inashindwa kuifungua kwa kasi inayotakiwa. Hili nalipenda kwa sababu jibu lake unaliona kwa macho. Bofya kulia juu ya video, chagua mstari wa takwimu ulio chini kabisa kwenye orodha. Kitatokea kisanduku cheusi chenye maandishi madogo. Tafuta mambo mawili: idadi ya fremu, yaani picha mojamoja za video, zilizodondoshwa, na mstari wa kodeki, yaani mbinu iliyotumika kuibana video. Utaona imeanza na avc1, vp09 au av01.

Sababu yake: video inakuja imebanwa, na kuifungua ni kazi nzito. Kadi ya picha ikiwa na saketi maalumu ya kodeki hiyo, inaifungua bila jasho. Isipokuwa nayo, kazi yote inamwangukia prosesa. Avc1, yaani H.264, hata mashine za zamani kama yako zina saketi yake. Vp09 ni VP9, prosesa za Intel zimeianza kikamilifu kizazi cha 7. Av01 ni AV1, kwa Intel ni kizazi cha 11, mwaka 2020. YouTube hupendelea hizi mbili mpya kwa sababu zinabana zaidi, na mashine ya 2014 haina hata moja kati yake.

Kaskazi

Imeandikwa vp09. Fremu zilizodondoshwa 1,912 kati ya 4,630, na namba inapanda huku naitazama.

Mpimaji

Karibu fremu 4 katika kila 10. Una njia tatu. Ya haraka ni kushuka hadi 720p au 480p. Ya pili ni kiendelezi kiitwacho h264ify, kinaiambia YouTube kwamba kivinjari chako hakijui VP9, basi inakuletea H.264. Itakula bando zaidi kidogo kwa ubora uleule, lakini prosesa itapumua. Ya tatu, hakikisha kivinjari hakijazuiwa kutumia kadi ya picha. Andika chrome://gpu, mstari wa kufungua video uwe umeandikwa kwa kijani kwamba unatumia maunzi. Kama kila kitu hapo kinasema programu tupu, kuna mtu alizima ule mpangilio kwenye sehemu ya mfumo, au draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya picha, ni mbovu au ya zamani sana.

Ushauri wa "zima uharakishaji wa kadi ya picha" umesambaa sana mitandaoni. Unafaa pale draiva ina kasoro na skrini inapepesa au kuwa nyeusi. Kwa wengine wote ni kumbebesha prosesa mzigo wa mwenzake.

Na feni kunguruma: mashine ya 2014 ambayo haijawahi kufunguliwa ina vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwenye Task Manager, ukurasa wa utendaji, tazama kasi ya prosesa kwa GHz video inapocheza. Ikiwa imeshuka chini kabisa ya kasi iliyoandikwa pembeni kama ya msingi, ni joto, au ni laptopu iliyo kwenye hali ya kubana matumizi ya betri.

Kaskazi

Hili la mwisho limenigusa. Ilikuwa imewekwa kwenye kubana umeme, sijui tangu lini. Nimeiweka kawaida na kuongeza h264ify: 1080p, fremu zilizodondoshwa 6, na imesimama hapo. Vumbi nitalishughulikia.

Waya Mrefu

Wakuu mnazunguka sana. Weka Linux nyepesi, weka kivinjari chepesi, kazi kwisha. Windows yenyewe ndiyo mzigo.

Mpimaji

Ndugu, Linux naikubali na kwa mashine ya GB 4 mfumo mwepesi unakuachia RAM zaidi ya kutumia, hilo ni kweli. Lakini mzigo mkubwa leo si mfumo tena, ni kurasa zenyewe. Ukurasa wa barua pepe peke yake unaweza kushika mamia ya MB popote ulipo. Na hivyo "vivinjari vyepesi" vingi vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Ukifungua vichupo 20 humo utakula karibu kilekile. Dada Karani angehamia Linux na kiendelezi chake cha kutafsiri, herufi zingechelewa vilevile.

Waya Mrefu

Hapo kwenye kiendelezi nimekuelewa. Ila nisimamie langu: kwa mwenye Windows 7, Linux ndiyo njia.

Mpimaji

Hapo nakuunga mkono kwa moyo wote, na sababu kubwa ni usalama. Chrome 109 ya mwanzoni mwa 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Firefox iliwabakizia kwa muda tawi la ESR 115, toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu zaidi. Tovuti zinaendelea kutumia mbinu mpya, kivinjari cha zamani kinafungua vibaya au kwa shida, na mtu anadhani mashine imechoka. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa vivinjari vikubwa bado vinaihudumia.

msomi_wa_usiku

Samahani mkuu nimechelewa kwenye uzi. Langu silioni kwenye yote mliyosema. Nikibofya kiungo hakitokei kitu, kichupo kinazunguka sekunde kumi hivi, halafu ghafla ukurasa mzima unatokea kwa mara moja. Nikizima waifai ukurasa uliokwisha kufunguka unateleza vizuri. Namba zote nne ziko chini. Kipimo cha kasi ya intaneti kinasema kila kitu kiko sawa. Na simu yangu kwenye waifai hiyohiyo haina shida.

Mpimaji

Umeeleza vizuri sana, hasa hilo la simu. Ingekuwa ruta au kampuni ya intaneti, simu nayo ingesubiri. Kwa hiyo kuna kitu kati ya kivinjari na waifai ndani ya kompyuta yako.

Kipimo cha kasi kinapima ni maji kiasi gani yanapita bomba likiwa limeshafunguka. Wewe unasubiri bomba lifunguke. Ili kujua ni hatua ipi, bonyeza F12, nenda kwenye ukurasa wa mtandao humo, kisha fungua tovuti usiyoitembelea mara kwa mara. Bofya mstari wa kwanza kabisa, halafu sehemu ya muda. Utaona vipande vyenye rangi: kusubiri zamu, kutafuta jina, kuunganisha, kusubiri jibu la seva, kupakua. Zile sekunde kumi zitakuwa zimejilundika kwenye kimoja.

Zikiwa kwenye kutafuta jina, ni DNS. Kompyuta yako imepangiwa seva ya majina ambayo haijibu, inasubiri mpaka ichoke, ndipo inajaribu ya pili. Weka seva za majina za umma, 1.1.1.1 au 8.8.8.8, uone. Zikiwa kwenye kuunganisha, mshuku antivairasi inayojiweka katikati kuchunguza miunganisho iliyosimbwa, hasa kama ziko mbili kwenye mashine moja. Zikiwa kwenye kusubiri jibu, na ni tovuti hiyo moja tu, seva yao ndiyo nzito, huna la kufanya.

msomi_wa_usiku

Ni kipande cha mwanzoni ambacho hukukitaja, kinaitwa cha proksi. Sekunde 9.8. Kutafuta jina ni milisekunde 21. Mimi situmii proksi yoyote!

Mpimaji

Hutumii, ila kompyuta inaitafuta. Proksi ni seva ya kati ambayo maombi yako hupitia kabla ya kufika kwenye tovuti. Nenda mipangilio ya Windows, mtandao na intaneti, kisha proksi. Juu kabisa kuna swichi ya kugundua mipangilio yenyewe. Ikiwa imewashwa, mashine inauliza kwenye mtandao kama kuna faili la maelekezo ya proksi. Kwenye mitandao mingi jibu la "hakuna" linarudi haraka na huoni kitu. Kwenye mingine hakuna anayejibu, basi inakaa inasubiri. Izime. Tazama pia chini yake: kama kuna anwani ya hati au ya seva ambayo hukuiweka wewe wala ofisi yako, hiyo ni programu mbaya imejichomeka. Iondoe na uchunguze mashine yote kwa antivairasi.

Ila kama ni mashine ya ofisi, waulize wahusika kabla ya kuzima, huenda wanaitumia kweli.

msomi_wa_usiku

Ni yangu binafsi. Hakuna anwani yoyote, swichi tu ilikuwa imewashwa. Nimeizima. Nimebofya kiungo cha kwanza na nimekaa nikisubiri kwa mazoea, kumbe ukurasa umeshafunguka. Mkuu, nimekaa na hii kitu tangu nihamie nyumba hii.

nyundo_ndogo

Nimerudi. Leo nilifunga na kufungua bila kufuta akiba. Wepesi uleule. Namba zangu: prosesa 11, kumbukumbu 91, diski 100. GB 4, diski ya sahani. Mimi ni wewe wa zamani. Fedha yangu inatosha kitu kimoja, RAM au SSD?

Mpimaji

Kabla ya kununua, jaribu ya bure. Andika chrome://settings/performance na uwashe kiokoa kumbukumbu, kipo kwenye Chrome tangu mwisho wa 2022. Vichupo usivyovigusa vinaachiliwa kutoka kwenye RAM, jina linabaki, ukibofya vinapakia upya. Edge ina yake ya kulaza vichupo. Halafu fungua Task Manager sehemu ya programu zinazojiwasha, uzime zote usizozihitaji asubuhi. Na kwenye Chrome, sehemu ya mfumo, zima ile ruhusa ya kuendelea kufanya kazi kimyakimya baada ya dirisha kufungwa.

Kama lazima iwe kimoja, kwa hali yako mimi ningechukua SSD. RAM ikijaa bado itahamishia vipande diskini, lakini safari itakuwa fupi mno, na kila kitu kingine, kuwaka kwa Windows, kufungua programu, kutafaidika. RAM ije ya pili. Ila fungua kwanza mfuniko au soma maelezo ya mfano wako: laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki, nyingine ina nafasi moja tu. Ukiwa na nafasi mbili, vipande viwili vinavyolingana ni bora kuliko kimoja, kwa sababu kadi ya picha ya ndani inanufaika na njia mbili za kumbukumbu.

Mwenye mashine ambayo RAM haigusiki na diski ni ya eMMC, yaani chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye ubao, huyo namwonea huruma kweli. Kwake ni kiokoa kumbukumbu, kizuia matangazo, na vichupo vichache.

Karani wa Zamu

Kaka, na wewe hukutuambia. Ile mashine yako iliishia wapi?

Mpimaji

Ninayo hapa mbele yangu dada, ndiyo ninayoandikia. Niliweka SSD kwanza, RAM nikaifikisha GB 8 miezi mitatu baadaye. Prosesa ni ileile, kivinjari ni kilekile, Windows ile aliyoformati fundi sijaigusa tena. Sasa hivi nina vichupo 14, kumbukumbu 71, diski 2. Ile taa ya ukingoni inapepesa mara moja, inazima, nakaa kidogo, inapepesa tena.